Nani Ananunua LUKU? Mwaka Mmoja na Haibridi ya Kuchaji, Tegeta

Dada alinipigia simu saa nne usiku akiwa amesimama mbele ya mita ya umeme wa LUKU. "Mdogo wangu, jana asubuhi nimeweka ya elfu kumi. Unajua zimebaki uniti ngapi? Nane." Nyuma ya sauti yake nilisikia feni ya gari ikivuma barazani. Gari lilikuwa limechomekwa ukutani, linachajiwa.

Umeme wa shilingi 10,000 kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani, kama kodi ya jengo imeshakatwa mwanzoni mwa mwezi, unakupa uniti 28. Uniti 20 zilikuwa zimekwenda kwa siku moja na nusu. Dada alikuwa na swali moja tu, na lilikuwa swali la haki: hili gari tuliloambiwa linaokoa, linamwokolea nani?

Mimi ni mtu wa stoo. Kazi yangu ya kila siku ni kulinganisha kilichoandikwa kwenye karatasi na kilichopo rafuni. Nilimwambia nitakuja Jumamosi na daftari. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Imechukua mwaka mzima, na naandika kisa hiki chote kwa sababu naona magari ya aina hii yanazidi kuingia, na wanunuzi wanauliza swali lilelile ambalo shemeji aliuliza, ambalo sasa nina hakika silo linalopaswa kuulizwa kwanza: linakwenda kilomita ngapi kwa chaji?

Gari lenyewe ni Mitsubishi Outlander PHEV, yaani haibridi ya kuchaji, inayotumia petroli na pia umeme wa kuchomeka ukutani. Ni la mwaka 2015, lililotumika Japani na kushushwa bandari ya Dar es Salaam likiwa na kilomita 71,000. Aina hii ilianza kuuzwa Japani Januari 2013. Ina injini ya petroli ya lita 2.0, motori mbili za umeme za kilowati 60 kila moja, moja mbele na nyingine nyuma, na betri ya lithiamu ya kilowati-saa 12 iliyolazwa chini ya sakafu. Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya LUKU, kwa hiyo tangu hapa nitasema uniti. Ukiwa mjini na betri ina chaji, injini imelala kabisa. Chaji ikiisha, injini inaamka na kuzungusha jenereta, jenereta inalisha motori. Kwenye mwendo mkubwa wa barabara kuu ndipo injini inaposhika magurudumu moja kwa moja.

Shemeji alilipenda kwa mambo mawili. La kwanza ni injini: cc 1998, chini ya zile 2000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ulikuwa asilimia 5. Matoleo ya kuanzia 2019 yana injini ya lita 2.4, na hapo ushuru huo ulikuwa unaruka hadi asilimia 10. La pili ni karatasi ya kiwandani iliyosema kilomita 60.2 kwa umeme peke yake. Anatoka Tegeta anakwenda Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, kilomita 24, na kurudi 24. Jumla 48. Alipiga hesabu kama ambavyo mtu yeyote angepiga: sitini toa arobaini na nane, zinabaki kumi na mbili za kupitia sokoni. Petroli itakuwa ya safari za mikoani tu.

Wiki ya kwanza injini ilikuwa inaamka maeneo ya Makumbusho wakati wa kurudi, siku nyingine hata kabla hajafika hapo. Akadhani ameuziwa gari bovu.

Halikuwa bovu. Nililithibitisha hilo kwa kulipima, na kupima nilianza Jumapili moja saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya Bagamoyo ikiwa tupu, vioo vimeshushwa, kiyoyozi kimezimwa, mguu mwepesi. Tulikwenda hadi injini ilipoamka: kilomita 41. Kisha nikamwomba shemeji aandike kila siku ya kazi kwa mwezi mmoja, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kama kawaida yake, maana hakuna atakayeingia ofisini Posta na shati limelowa jasho. Wastani wake ulikuwa kilomita 32. Na ikaja siku moja ya mvua ya masika, makutano ya Morocco hayapitiki, akatumia saa mbili na nusu kufika nyumbani. Siku ile chaji yake ingetosha kilomita 26 tu.

Gari moja, betri moja, barabara moja: 41, 32, 26. Tofauti haikuwa kwenye kilomita hata kidogo, ilikuwa kwenye saa. Motori ya umeme ikisimama kwenye foleni haili kitu, tofauti na injini inayounguruma bure. Lakini kiyoyozi hakisimami. Kwa vipimo vyetu kilikuwa kinakula karibu kilowati moja muda wote, gari liende au lisiende. Ukitumia saa moja na robo kwa kilomita 24, kiyoyozi kimekula uniti moja na ushei. Ukitumia saa mbili na nusu, kimekula mara mbili yake, na uniti hizo zimetoka kwenye kapu lilelile la magurudumu. Ndiyo maana mtu wa Dodoma mwenye kilomita 24 zilezile na barabara iliyo wazi atapata majibu mengine kabisa, na asije akamwita shemeji mwongo.

Sasa ile 60.2 ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08. Gari linawekwa juu ya rola maabara, linaendeshwa kwa mpangilio wa dakika 20 na sekunde chache, kilomita 8 na kidogo, wastani wa kilomita 24.4 kwa saa na kasi ya juu kabisa 81.6. Kiyoyozi kimezimwa. Betri ni mpya. Ulaya gari hilohilo, kwa kipimo chao cha zamani cha NEDC, liliandikiwa kilomita 52. Toleo la 2019, ambalo betri yake iliongezwa hadi uniti 13.8, lilipata 54 kwa NEDC; lilipopimwa kwa WLTP, kipimo kipya kinachokaribia zaidi uendeshaji wa watu, likapata 45. Betri kubwa zaidi, namba ndogo zaidi, kwa sababu tu rula imebadilishwa. Namba hizi zipo kwa ajili ya kulinganisha gari na gari. Hazikuandikwa kwa ajili ya Tegeta na Posta, na nasikitika kwamba hakuna aliyemweleza shemeji hilo kabla hajatoa pesa.

Lakini maabara peke yake haielezi pengo lote kutoka 60 hadi 32. Kuna umri. Tulimpata fundi mwenye kifaa kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma betri. Ikiwa mpya, betri hii ina ampea-saa 40, ndicho kipimo cha umeme inaoweza kubeba. Yetu ilisoma 29.6. Yaani asilimia 74 ya betri ya kiwandani. Kwa betri ya lithiamu iliyokwishatumika miaka mingi hiyo ni hali ya kawaida. Betri inazeeka kwa kuchajiwa na kuishiwa, inazeeka kwa joto, na inazeeka hata likiwa limeegeshwa tu. Fundi akatuonyesha jambo jingine ambalo sikulijua: gari halikuruhusu kuimaliza betri yote. Zaidi ya robo ya chini haiguswi, injini inaamka kabla, ili kuilinda betri na kubakiza nguvu ya kusukuma gari kama haibridi ya kawaida. Kwa hiyo betri iliyozaliwa na uniti 12 sasa ina karibu 9, na kati ya hizo 9 unazoweza kuzitumia ni kama 6.4.

Hizo 6.4 ndizo mali ya shemeji. Gawanya kwa uniti 20 kwa kila kilomita 100, ambayo ndiyo ulaji wake wa siku ya kawaida na kiyoyozi, unapata 32. Daftari na kifaa cha fundi vikakutana kwenye namba moja, na nakiri nilifurahi kama mtu aliyefunga mahesabu ya mwaka bila upungufu.

Kipimo hiki cha ampea-saa kifanyike kabla ya kununua. Namba ya kilomita kwenye dashibodi inaweza kukudanganya, na rangi inayong'aa haikuambii kitu. Shemeji angeulizia kipimo hicho angali mnunuzi, angejua tangu siku ile kwamba anachonunua ni gari la kilomita 32, na pengine angeomba bei ipunguzwe.

Kabla ya kufika kwenye pesa, lazima niseme habari ya soketi, kwa sababu nyumba ingeweza kuungua.

Waya wa kuchaji uliokuja na gari ulikuwa wa Kijapani, wa volti 200 na ampea 15, na plagi yake haifanani na zetu. Aliyewauzia aliikata plagi ile akaweka ya kwetu ya miguu mitatu, ile ya ampea 13 tunayochomekea pasi na birika. Birika linachemka dakika nne linazima. Gari linavuta ampea 15 mfululizo kwa zaidi ya saa mbili, kila usiku. Wiki ya tatu dada alisikia harufu ya plastiki. Nilipoichomoa plagi, mguu wa fuse ulikuwa umegeuka kahawia, na upande wa kulia wa soketi ulikuwa umelainika na kuvimba kama nta iliyowekwa karibu na jiko. Ukuta wenyewe ulikuwa wa moto ukiugusa.

Fundi umeme alivuta laini mpya kutoka kwenye bodi kuu hadi barazani, waya wa milimita 4, breka yake peke yake ya ampea 20, kinga ya kukata umeme unapovuja, na soketi ya bluu ya viwandani badala ya ile ya ukutani. Akakagua na nondo ya ardhi. Tangu hapo plagi haijawahi kupata hata uvuguvugu. Gharama hiyo iingie kwenye bei ya gari. Anayekwambia gari hili linachaji kwenye soketi yoyote ya nyumbani hajawahi kulichaji kila siku.

Sasa pesa. Hesabu zote nimezifanya kwa lita ya petroli shilingi 3,000, kwa kuwa mwaka ule bei iliyotangazwa kila mwezi ilikuwa ikipanda na kushuka kuzunguka hapo, na kwa uniti shilingi 356 pamoja na kodi na tozo zake. Ili betri ipate uniti 6.4, ukuta unatoa 7.6, zinazobaki zinapotea njiani kama joto kwenye chaja na kwenye betri. Mita ya LUKU inahesabu 7.6, haijali zilizopotea. Kwa hiyo chaji moja ni kama shilingi 2,700, na inakupeleka kilomita 32. Shilingi 85 kwa kilomita.

Betri ikiisha, gari hili kwenye foleni za Dar linakwenda kilomita 12.5 kwa lita. Shilingi 240 kwa kilomita. Karibu mara tatu.

Siku ya shemeji ya kilomita 48 bila kuchaji kabisa ni lita 3.84, shilingi 11,520. Akichaji mara moja usiku, kilomita 32 zinakwenda kwa umeme wa 2,700 na 16 zinazobaki kwa petroli ya 3,840. Jumla inapungua hadi kama 6,540. Kwa siku 22 za kazi, anaokoa karibu shilingi 109,000 kwa mwezi.

Hapo ndipo nilipodhani kazi yangu imekwisha. Nilimwonyesha dada, nikamwambia gari linaokoa, tatizo halipo. Akaniangalia kwa upole akaniambia, "Linamwokolea yeye."

Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimejumlisha mifuko miwili ya watu wawili kama vile ni mmoja. Katika nyumba ile, kama nyumba nyingi ninazozijua, baba anaweka mafuta kwenye gari na mama ananunua LUKU katika pesa ya matumizi. Kabla ya gari, nyumba ilikuwa inatumia umeme wa kama shilingi 60,000 kwa mwezi. Gari likaongeza uniti 167, yaani shilingi 59,000 na ushei. LUKU imekuwa mara mbili, na pesa ya matumizi haikuongezwa hata senti. Wakati huohuo mfuko wa shemeji ulikuwa umepunguziwa petroli ya karibu shilingi 169,000. Gari lilikuwa limebeba pesa kutoka mkoba wa mke na kuzimwaga kwenye waleti ya mume, kimyakimya, kila usiku, kupitia waya.

Na petroli haionekani inavyokwenda. Inaingia tankini sheli, mara moja kwa wiki, unalipa unaondoka. Uniti zinasomeka ukutani kila unapopita, na zikikaribia kuisha mita inapiga kelele usiku. Anayenunua LUKU anaona kila kitu.

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Aliposikia malalamiko alifanya alichoona ni suluhisho: akaacha kuchaji. Miezi mitatu gari lilikwenda kwa petroli tupu, waya umeviringishwa buti. Na hakushtuka, kwa sababu gari lake la zamani, Harrier, lilikuwa likimlia lita 124 kwa mwezi kwenye njia hiyohiyo, kama shilingi 372,000. Hili bila kuchajiwa lilikuwa likila 253,000. Kila alipojaza tanki aliona ameokoa. Akawa anawasifia wenzake kazini kwamba haibridi inalipa, wakati ile sehemu aliyoilipia zaidi, betri na chaja na motori, ilikuwa ni mzigo anaotembea nao. Bado aliona faida, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumwonyesha hasara.

Nilipokuwa nasoma habari za magari haya nje, nilikuta kwamba kisa cha Tegeta kimeshatokea Uingereza kwa kiwango cha nchi. Outlander hili liliingia kule mwaka 2014, serikali ikitoa ruzuku ya pauni 5,000 kwa kila gari la namna hii, na likawa haibridi ya kuchaji iliyouzwa sana. Wanunuzi wengi walikuwa makampuni yanayowapa wafanyakazi magari. Mwaka 2018 kampuni ya ushauri ya The Miles Consultancy ilipitia rekodi za mafuta za haibridi za kuchaji za makampuni, za chapa mbalimbali, ikakuta zinakwenda kama kilomita 14 kwa lita badala ya 46 zilizotangazwa. Kulikuwa na magari yaliyorudishwa nyaya zake za kuchaji zikiwa bado ndani ya plastiki. Mwajiri alikuwa analipa mafuta kwa kadi ya kampuni. Umeme wa nyumbani mfanyakazi analipa mwenyewe. Nani angechomeka?

Taasisi ya utafiti ya ICCT ilipochambua magari ya Ulaya mwaka 2022 ilikuta watu binafsi wanaendesha kwa umeme kati ya asilimia 45 na 49 ya mwendo wao, na wenye magari ya kampuni asilimia 11 hadi 15 tu. Gari lilelile, mfuko tofauti. Na Tume ya Ulaya ilipochapisha mwaka 2024 takwimu zilizosomwa kwenye kompyuta za magari yenyewe, haibridi za kuchaji zilionekana kutoa hewa ya ukaa mara tatu na nusu ya ilivyoandikwa. Wengi waliisoma habari hiyo kama ushahidi kwamba magari haya ni utapeli. Mimi nimekaa barazani kwa dada na daftari, naisoma tofauti. Waliohesabiwa wengi wao walikuwa shemeji zangu: watu ambao kuchaji kungewatoa pesa wao na kumwokolea mwingine, au wasio na pa kuchajia.

Suluhisho la nyumbani lilipatikana kwenye meza ya chakula, na halikuhitaji fundi. Niliweka karatasi mbili. Moja ilikuwa na jumla ya nyumba nzima, petroli na LUKU pamoja: 253,000 bila kuchaji, 144,000 kwa kuchaji mara moja. Ya pili niligawa nani anatoa nini. Shemeji aliisoma ya pili kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe nimekuwa nikimlipisha Mama Nasra mafuta yangu." Tangu mwezi ule, tarehe mosi anamtumia dada shilingi 60,000 kwenye simu, imeandikwa "umeme wa gari", kabla hajaenda sheli.

Kubaki hapo kungetosha, lakini kilomita 16 za petroli kila siku zilikuwa zinanisumbua. Kwenda ni 24, chaji ni 32. Akichaji na kazini, safari zote mbili ni za umeme. Kwenye maegesho ya jengo lao kulikuwa na soketi ya wafanya usafi. Shemeji hakuchomeka kwa wizi, alikwenda kuomba kwa barua, akajitolea kufunga mita ndogo ya pembeni na kulipa uniti zake kila mwisho wa mwezi. Ilichukua wiki saba kujibiwa. Walikubali. Kwa kuwa soketi ile ni ya ampea 13, tulinunua waya wa pili unaokuruhusu kuchagua ampea, tukaufunga kwenye 8. Unachaji taratibu, saa tatu na kidogo, lakini gari limekaa pale tangu asubuhi hadi jioni, lina haraka gani?

Kwa mpangilio huo siku inakula uniti 11.4 za ukutani, nyumbani na kazini pamoja, kama shilingi 4,060. Kwa mwezi 89,000, na petroli ya kazini imefika karibu na sifuri. Kutoka 372,000 za Harrier hadi 89,000. Namba hii ndiyo watu wanayoitaka waisikie tangu mwanzo, na nimeichelewesha kwa makusudi, maana imetokana na laini mpya, mita ndogo, barua ya wiki saba na shilingi 60,000 za tarehe mosi. Bila hivyo vyote gari lilelile liligharimu 253,000.

Mwenye nyumba iliyo kwenye lile kundi la bei ya chini, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, afanye hesabu nyingine. Gari litamtoa kwenye kundi hilo, na hapo hata taa na friji vitahesabiwa kwa bei ya juu. Dada hakuwa kwenye kundi hilo tangu zamani, kwa hiyo haikumgusa. Na mpangaji mwenye chumba ghorofani na gari linalolala barabarani, mimi namshauri aache kabisa. Anunue haibridi ya kawaida isiyohitaji waya.

Desemba tulipanda Lushoto, karibu kilomita 350. Kwenye safari ndefu hili ni gari la petroli. Chaji ya nyumbani iliisha kabla hatujafika Mlandizi, na kuanzia hapo lilikwenda karibu kilomita 13 kwa lita, watu watano na mizigo, tanki lenyewe ni la lita 45. Si vibaya kwa gari la zaidi ya tani moja na robo tatu, lakini hakuna muujiza.

Kulikuwa na jambo moja tu la kufurahisha kule, nalo lilikuwa kwenye kushuka. Kwa mjomba umeme ulikuwa hafifu, hatukuchaji. Tuliondoka Lushoto dashibodi ikionyesha umeme sifuri. Kutoka pale hadi Mombo ni kilomita 33 za kona juu ya kona, unashuka kama mita elfu moja. Shemeji aliweka breki ya motori kwenye B5, ile ya juu kabisa, na kwenye kona nyingi hakugusa pedeli ya breki. Motori zikawa jenereta. Watoto nyuma walikuwa wanasoma kwa sauti: mbili, nne, tano. Tulipofika Mombo barabara kuu, dashibodi ilisema kilomita 11. Kama tungekuwa tumechaji hadi juu kabla ya kushuka, betri isingekuwa na nafasi ya kupokea, breki ya motori ingekuwa dhaifu, na kazi yote ingeangukia breki za kawaida. Anayelala mlimani aache nafasi kwenye betri.

Mwezi uliopita fundi amesoma tena: ampea-saa 28.4. Mwaka mmoja umechukua 1.2. Wastani wa siku ya kawaida umeshuka kutoka kilomita 32 hadi 30, na shemeji ameshaanza kuuliza itakuwaje ikifika 24, urefu wa njia yake. Nimemjibu kwamba siku hiyo injini itaamka karibu na nyumbani badala ya kulala hadi getini, na atakuwa anaongeza kilomita moja au mbili za petroli kwa siku. Siku za mvua kubwa ni kama tayari zimefika hapo. Nimemwambia pia asiliache tanki miezi mitatu bila kuongeza mafuta. Petroli inazeeka nayo, na gari lenyewe litaiamsha injini kwa lazima.

Daftari sasa analo dada. Ameongeza safu yake mwenyewe pembeni, ya uniti zilizobaki kila asubuhi. Nilipopita juzi saa tatu usiku nilimkuta barazani anafungua kifuniko cha soketi ya bluu. Alichomeka waya, akaishika plagi kwa kiganja kuhakikisha haina joto, akasikiliza feni ikianza kuvuma, kisha akaingia ndani kusoma mita.